Mstari wa Pili

Muuguzi alikigeuza kipimo cha VVU kuelekea mwanga wa dirisha, akakitazama, akakigeuza tena, kisha akakilaza juu ya karatasi iliyoandikwa namba ya mdogo wangu na kukaa kimya. Mistari ilikuwa miwili. Wa kwanza, ule ambao kazi yake ni kuonyesha kwamba kipimo ni kizima, ulikuwa umekolea. Wa pili ulikuwa umepauka kidogo, lakini ulikuwepo, na hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti kile asiyejua maana yake.

Mdogo wangu huyu ni mtoto wa mama mdogo. Alikuwa na ujauzito wa wiki 14, hilo lilikuwa hudhurio lake la kwanza kliniki, na aliniomba nimsindikize kwa kuwa mume wake alikuwa safarini. Hakushtuka. Alifungua pochi, akatoa kadi ndogo iliyofunikwa kwa plastiki na kuisogeza mezani.

"Sista, naomba uisome hii kwanza."

Kadi ilieleza kwamba mwenye nayo alishiriki katika jaribio la chanjo ya VVU, kwamba vipimo vya haraka vinaweza kumtolea majibu chanya ilhali hana virusi, na kwamba anayetaka uhakika apige simu kwenye namba zilizoandikwa ili apimwe kwa kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Muuguzi aliisoma mara mbili. Hakuwahi kuona kadi ya namna hiyo, na mwongozo anaoufuata kila siku unamtaka mama mjamzito mwenye majibu kama yale aanzishiwe dawa bila kuchelewa. Alichukua kipimo cha kuthibitisha. Nacho kikatoa mstari. Tulikaa kwenye benchi la nje zaidi ya saa tatu, namba ya kwanza ikiita bila kupokelewa, huku wanawake waliotukuta wakiondoka na kutuacha. Namba ya pili ilipokelewa, damu ikachukuliwa upya, na baada ya siku chache majibu yakaja: hana virusi.

Kwa mdogo wangu jambo liliishia hapo.

Kwangu mimi halikuisha.

## Kipimo kilisema kweli

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikikilaumu kipimo, na yeye ndiye aliyenisahihisha. "Dada, kipimo hakijakosea. Hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, wale walinzi ambao mwili huwaunda ukishamtambua adui. Na kingamwili ninazo."

Jaribio alilojiunga nalo sitalitaja, kwa sababu washiriki ni wachache na mji wetu ni mdogo. Yatosha kusema kwamba chanjo aliyochomwa ilibeba protini ya ganda la nje la VVU, protini iliyotengenezwa maabara ambayo peke yake haiwezi kumwambukiza mtu yeyote. Ule ukanda wa kipimo nao umepakwa vipande vya protini za ganda hilohilo. Tone la damu lilipopanda kwenye ukanda, kingamwili zilikutana na kitu zilichokwisha kukijua, zikakishika, na rangi ikajitokeza.

Ninafundisha biolojia kidato cha tatu na cha nne. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya ubao nikichora kingamwili kama herufi Y na kirusi kama duara lenye vijiti, nikiwaambia wanafunzi kwamba mwili ukishamtambua adui mara moja, akirudi hakuti mlango wazi. Sasa mbele yangu kulikuwa na mwili wa mtu ninayempenda, uliolitambua ganda la kirusi vizuri kiasi cha kuchora mstari miaka kadhaa baada ya sindano ya mwisho, na bado jaribio lake lilifungwa kwa tangazo kwamba chanjo haikuzuia maambukizi.

Kama kingamwili zipo, na zinalishika ganda, kwa nini hazikingi?

Swali hilo lilinikosesha raha kwa wiki nyingi. Nilianza kusoma, nikagundua kwamba swali langu la kwenye daladala ndilo hasa ambalo watafiti wa protini za ganda la VVU wamekuwa wakilihangaikia kwa zaidi ya miaka 30.

## Mwiba unaovunjika

Ganda la VVU limechomwa miiba, na mwiba mmoja ni kazi ya ufundi mwingi. Seli iliyoambukizwa huunda kwanza protini moja ndefu iitwayo gp160, huivika sukari, kisha kimeng'enya cha seli hiyohiyo huikata vipande viwili: gp120, ambayo hukaa juu, na gp41, ambayo hushikilia chini kwenye utando. Jozi tatu za vipande hivyo hukusanyika na kuwa mwiba mmoja kama uyoga. Ila vipande havikufungwa kwa nguvu. Mwiba hulegea, gp120 huanguka, na juu ya ganda hubaki visiki vya gp41 pamoja na miiba mingine ambayo haikukatwa sawasawa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mwili unapokutana na takataka hizo zote, hutengeneza kingamwili dhidi ya takataka. Kingamwili hizo zitashika gp120 iliyoanguka, zitashika kisiki, na zitashika protini iliyopakwa kwenye ukanda wa kipimo. Lakini mwiba mzima, ule mmoja unaoweza kufungua seli, una umbo tofauti, na sehemu zilizo wazi kwenye kipande kilichoanguka zimefichwa ndani yake.

Tena umejifunika. Karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari, na sukari hiyo si ya kirusi, ni yetu, imetoka kwenye mitambo ya seli zetu wenyewe. Ni kama mgeni mbaya aliyeingia nyumbani usiku akavaa kanzu ya mwenye nyumba. Walinzi wanampita wakidhani ni bwana mwenyewe. Sehemu inayoshikana na CD4, mlango wa seli zetu, imezama ndani, na sehemu ya pili inayohitajika ili kuingia haijitokezi mpaka CD4 iguswe. Kobe akiguswa hujificha. Mwiba huu hufanya kinyume: hujifunua pale tu unapomgusa yule unayetaka kumwingia, na muda wa kuudaka ukiwa hivyo ni mfupi mno.

Miiba yenyewe pia ni michache. Kirusi kimoja cha VVU hubeba wastani wa takriban 14, wakati kirusi cha mafua hubeba mamia. Kwa kuwa imetawanyika, kingamwili yenye mikono miwili mara nyingi hushika mwiba mmoja kwa mkono mmoja, na mkono wa pili hubaki ukipapasa hewa.

Herufi Y ile ya ubaoni nimeichora mara nyingi sana bila kuwaambia wanafunzi habari ya mkono unaopapasa.

## Miaka ya kipande kilichoanguka

Chanjo za mwanzo zilizofika kwenye majaribio makubwa zilitumia gp120 peke yake, yaani kile kipande cha juu kilichotenganishwa na mwiba. Ilikuwa rahisi kukitengeneza, na kingamwili zilipatikana kwa wingi. Mwaka 2003 majaribio mawili, moja Amerika Kaskazini na Uholanzi, jingine Bangkok miongoni mwa watu wanaojidunga dawa za kulevya, yalionyesha kwamba kingamwili hizo hazikingi. Mwaka 2009 Thailand ilitoa habari iliyowaamsha watu: zaidi ya washiriki 16,000, chanjo mbili zikifuatana, gp120 ikiwa ya mwisho, na kinga ya asilimia 31.2. Ilikuwa kinga ndogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa chanjo yoyote ya VVU kuonyesha chochote.

Afrika Kusini ilichukua tumaini hilo, ikarekebisha chanjo ifanane na aina ya virusi vya huko, na kuanza mwaka 2016 na watu 5,407. Februari 2020 jaribio lilisimamishwa. Waliochanjwa walioambukizwa walikuwa 129, na waliopewa sindano isiyo na chanjo walikuwa 123. Namba hizo mbili nilizitazama kwa muda mrefu. Sikuona takwimu, niliona watu 252 ambao walikwenda kliniki kwa hiari yao, wakapewa kondomu, ushauri nasaha na dawa kinga, na bado maisha yakawapitisha njia waliyokuwa wakiikimbia.

Karibu zaidi na nyumbani kulikuwa na PrEPVacc, jaribio lililoongozwa na watafiti wa Kiafrika huko Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, likiwa na washiriki 1,512. Mojawapo ya chanjo zake ilitumia gp120 ileile iliyotumika Thailand. Nyingine ilitumia protini iliyotokana na kirusi cha China. Mwishoni mwa mwaka 2023 uchanjaji ulisimamishwa baada ya kamati huru kuona kwamba hapakuwa na matumaini ya kupata kinga.

Nilikasirika, nakiri. Nilijiuliza kwa nini vijana wetu wachomwe kipande ambacho tayari mwaka 2003 kilikuwa kimeshindwa. Baadaye nilipunguza hasira, kwa sababu mchanganyiko haukuwa uleule, matokeo ya Thailand yalidai jibu, na jibu halikuweza kupatikana kwa kukaa mezani. Lakini sijaacha kuamini kwamba mshiriki ana haki ya kuambiwa, kwa lugha anayoielewa na kabla ya kutia saini, kwamba kipande anachopewa kimewahi kushindwa kwingine.

## Mtoto wa wiki sita

Wakati nikisoma kuhusu namna ya kuunda mwiba mzima, nilikutana na jina lililorudiwa kila mahali: BG505. Nilidhani ni namba ya kemikali. Kumbe ni mtoto.

Kati ya Novemba 1992 na Julai 1998, jijini Nairobi, timu iliyomjumuisha daktari wa watoto Ruth Nduati iliwafuatilia akina mama wenye VVU waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine wanyonyeshe, wengine wawape watoto maziwa ya kopo. Dawa za kufubaza virusi hazikuwa zimewafikia akina mama hao. Baada ya miaka miwili, asilimia 36.7 ya watoto walionyonya walikuwa wameambukizwa, na asilimia 20.5 ya waliopewa maziwa ya kopo. Matokeo hayo yaliusaidia ulimwengu kupima hatari ya maziwa ya mama. Nimekuwa nikizirejea namba hizo nikimwona mdogo wangu kwenye benchi lile, mkono tumboni.

Damu ya akina mama na watoto hao ilihifadhiwa. Kutoka kwa mtoto mmoja mwenye umri wa wiki sita ndipo kilipotoka kirusi ambacho ganda lake sasa liko kwenye maabara za dunia nzima. Wiki sita! Kila mzazi wa huku anaujua umri huo: ni siku ya kumfunga mtoto kanga vizuri na kumpeleka kuchomwa sindano ya paja.

Watafiti John Moore, Rogier Sanders na wenzao walikuwa wamehangaika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuufanya mwiba usivunjike. Walibadili herufi chache za protini ili gp120 na gp41 zishikane kwa daraja la salfa, kati ya nafasi ya 501 na ya 605, wakaweka prolini, mojawapo ya herufi hizo, kwenye nafasi ya 559 ili gp41 isifyatuke kabla ya wakati, na kuukata mkia wake kwenye nafasi ya 664. Mbinu ilikuwa nzuri, lakini protini za virusi vingi walivyojaribu zilisambaratika au kugandamana. Ya mtoto wa Nairobi ilisimama. Mwaka 2013 wanasayansi Ian Wilson, Andrew Ward na wenzao waliweza hatimaye kuonyesha sura ya mwiba huo karibu atomi kwa atomi.

Kirusi hicho ni cha kundi A, kundi lililotawala Afrika Mashariki. Tumezoea kusikia kwamba sayansi hii inatoka nje na kutufikia. Umbo lenyewe lilitoka kwetu, kutoka kwa mama aliyeridhia damu ya mwanawe ichukuliwe katika miaka ambayo hakukuwa na kitu cha kumpa yeye wala mtoto. Jina lao halikuandikwa popote, na ni sawa lisiandikwe. Lakini ningependa wanafunzi wangu wajue kwamba herufi mbili na tarakimu tatu zile ni mtu.

## Tundu kwenye ngao

Mwiba wa BG505 ulirudi Nairobi. Ulitengenezwa kama chanjo, na taasisi ya KAVI ya Chuo Kikuu cha Nairobi ikawa mojawapo ya vituo vilivyouchoma kwa watu wa hiari, pamoja na vituo vya Marekani. Niliposoma hivyo nilisimama kidogo.

Ningependa kuandika kwamba hapo ndipo tatizo lilipoisha. Halikuisha. Kwa sungura, mwiba huo ulikuwa umekwisha kuonyesha udhaifu wake: kirusi cha mtoto yule kina pengo kwenye ngao ya sukari, kwenye nafasi ya 241 na ya 289, mahali ambapo virusi vingi vingine vimefunikwa. Kingamwili hukimbilia pengo hilo. Zinamshinda BG505 kabisa, kisha zikikutana na kirusi cha mtu mwingine, kisicho na pengo, hazina pa kushika. Nyingine hukimbilia kitako cha mwiba, ambacho kwenye kirusi halisi kimezama kwenye utando na hakionekani kamwe.

Mwili huchagua njia rahisi.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nikidhani tatizo ni kumwonyesha mlinzi sura sahihi ya adui. Kumbe hata akionyeshwa sura sahihi, atakumbuka kovu la shavuni kabla ya kukumbuka macho.

## Kigali, hatua ya kwanza

Kingamwili zinazoweza kuzuia virusi vya aina nyingi zipo. Mwaka 2009 mbili zenye nguvu kubwa, PG9 na PG16, zilipatikana katika damu ya Mwafrika mmoja aliyekuwa akiishi na VVU. Kwa kawaida hutokea kwa watu wachache, baada ya miaka ya kukimbizana na kirusi, na huwa zimebadilika mno kutoka zilipoanzia. Ndiyo maana watafiti wameanza kurudi nyuma: badala ya kumwonyesha mlinzi mwiba mzima siku ya kwanza, wanatafuta zile seli B chache, yaani seli zinazotengeneza kingamwili, ambazo kwa kuzaliwa zina mwelekeo unaofaa, wanaziamsha kwa kipande kilichochongwa kwa ajili yao tu, kisha wanapanga kuzipeleka darasa kwa darasa hadi kwenye mwiba halisi.

Katika jaribio la kwanza la namna hiyo, lililofanyika Marekani, watu 35 kati ya 36 waliochanjwa waliamsha seli zilizokusudiwa. Swali likawa kama miili ya Waafrika ingejibu vilevile. Kigali na Johannesburg zikajibu: watu 17 kati ya 18. Hiyo ni hatua ya kwanza tu, na haikingi mtu. Baadhi ya washiriki wa majaribio ya namna hii walipata matatizo ya ngozi yaliyohitaji kuchunguzwa zaidi. Hata hivyo niliposoma namba hiyo nilimpigia mdogo wangu simu saa nne usiku, naye akanisikiliza hadi mwisho.

Kuna jambo jingine lililonipa nguvu. Mtoto mwingine wa utafiti uleule wa Nairobi, katika muda usiozidi mwaka mmoja tangu aambukizwe, alikuwa ameshatengeneza kingamwili yenye uwezo mpana, na haikuwa imebadilika sana kama zile za watu wazima. Kumbe njia ndefu si lazima iwe ndefu hivyo. Mwili wa mtoto mchanga uliwahi kuipita kwa mkato.

Mwaka 2025 ulikuja na pigo. Mradi wa chanjo ya VVU uitwao BRILLIANT, ulioongozwa kutoka Afrika Kusini na kuwakusanya wanasayansi wa nchi kadhaa za Afrika, ulipoteza fedha zake za USAID, shirika la misaada la Marekani, ukiwa tayari kuanza jaribio, na miezi michache baadaye serikali ya Marekani ilitangaza kutoendeleza vikundi vyake viwili vikubwa vya utafiti wa kingamwili hizi. Nimelichukulia jambo hili kama la nyumbani. Mwiba unaochongwa ni wetu, na mikono inayochomwa ni yetu. Sioni ni kwa nini bajeti zetu zisiwe na hata fungu moja linaloeleweka kwa kazi hii.

## Hudhurio la wiki sita

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike, kilo 3.1. Jumanne iliyopita nilimsindikiza tena. Chumba kilikuwa kilekile na muuguzi alikuwa yuleyule, na nilipokaa niliona ukutani, kando ya kalenda, karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya plasta: namba ile ya pili ya simu, na chini yake, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, "Wenye kadi ya chanjo: USIANZISHE dawa kabla ya kupiga."

Alipokuwa akiandaa sindano alimuuliza mdogo wangu, kwa sauti ya mtu ambaye amekuwa akilifikiria jambo hilo kwa muda: "Na huyu mtoto, nikimpima kwa kipimo cha haraka, si naye anaweza kuwa na mstari?"

Anaweza. Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na kukaa kwa mtoto miezi mingi, zikiwemo zile alizozipata kwa chanjo. Mdogo wangu alimweleza, na muuguzi akachukua kadi ya kliniki ya mtoto na kuandika sentensi moja pembezoni, polepole, akiisoma kwa sauti alipokuwa akiiandika.

Kisha akamshika mtoto paja.